Masazo ya Mkasi

Hakuna nguo iliyopata kushonwa pasipo kukatwa, wala hakuna kitambaa kilichopata kukatwa pasipo kuacha masazo. Shingo ya gauni hupatikana kwa kuondoa duara, kwapa kwa kuondoa umbo la mwezi mwandamo, na kiuno kwa kuondoa pembe mbili za ubavuni. Mwili wa mwanadamu una mviringo na kitambaa kina pembe nne. Tofauti ya viwili hivi ndiyo inayoanguka sakafuni. Fundi hodari huipunguza tofauti hiyo, lakini hata yeye hawezi kuimaliza. Basi kila nguo inayovaliwa ina ndugu yake asiyevaliwa, naye ni vile vipande vilivyobaki chini ya meza ya kukatia. Swali ni hili: vipande hivyo ni mali ya nani?

Yamkini mtu akacheka kuliona swali hili katika kurasa za wasomi. Atasema kuwa yako mambo makubwa zaidi ya kuulizia haki, kama vile ardhi, mishahara na serikali. Asemayo ni kweli. Walakini haki ya mambo makubwa ina walinzi wengi. Ina sheria, mahakama, mawakili na magazeti. Haki ya kipande cha kitambaa haina mlinzi ila dhamiri ya mtu mmoja aliyeshika mkasi, na mara nyingi mwenye kitambaa hayupo kumtazama. Atakaye kujua jinsi dhamiri ifanyavyo kazi inapoachwa peke yake, hana haja ya kwenda mbali. Na aende kwenye kibaraza cha fundi cherehani.

Mwanza ni mji unaostahili kuulizwa swali hili kuliko miji mingi. Wajerumani waliuweka mwaka 1892 kuwa kituo cha utawala kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Reli ya kutoka Tabora iliufikia mwaka 1928. Na katika miaka ya 1960 ukapata kiwanda kikubwa cha nguo, Mwatex. Nyuma ya mji iko nchi ya Wasukuma, ambayo kwa muda mrefu imelima sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania. Basi hapa mtu aweza kuona pamba ikilimwa, ikipimwa, ikichambuliwa, ikisafirishwa, na mwisho ikirudi katika sura ya nguo mabegani mwa watu. Na pamba yenyewe ni mwalimu wa habari za masazo. Pamba ya mbegu ikichambuliwa, nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito wake. Zilizobaki ni mbegu. Kama mbegu zingehesabiwa kuwa taka, mkulima angekuwa anabeba taka mara mbili ya mali. Lakini mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Kiitwacho masazo mahali pamoja huitwa chakula mahali pengine.

Ndivyo ilivyo pia kwa vipande vya kitambaa. Katika vibaraza vya mafundi wa katikati ya mji, na katika masoko kama Kirumba na Mlango Mmoja, vipande vya kitenge, khanga, poplini na suti huanguka tangu asubuhi mpaka jioni. Vingine hufagiwa na kuchomwa moto. Vingine hufungwa katika mfuko na kupelekwa nyumbani, na huko huanza maisha ya pili mikononi mwa wanawake wenye sindano na uzi. Hutoka humo foronya ya mto, mfuko wa kutilia nafaka, kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, ngata ya kubebea ndoo ya maji ya ziwani, shuka ya mtoto mchanga, na mwanasesere wa binti asiyenunuliwa mwanasesere dukani. Vipande vilivyo duni kabisa huviringishwa na kufungwa kamba vikawa mpira wa watoto. Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, mfuko wa kitambaa ulipata heshima mpya. Na mwaka 2020 vipande vya kitenge viligeuzwa barakoa.

Kazi hii ina elimu yake, wala si mchezo wa kupotezea saa. Mshonaji hutenga vitambaa vizito mbali na vyepesi, kwa kuwa chepesi kikiunganishwa na kizito huchanika kwenye mshono. Hufua kwanza kipande kipya kabla ya kukishona juu ya nguo kuukuu, kwa kuwa pamba mpya hurudi inapopata maji, nayo ikirudi huivuta nguo dhaifu na kulizidisha tundu. Hupiga bandi kabla ya kushona mshono wa kudumu, ili kosa liweze kufumuliwa pasipo hasara. Hupanga rangi ili kipande cha gauni la mtu mmoja kipatane na kipande cha suruali ya mtu mwingine ambaye hakumjua. Kabla ya pamba kuenea, watu wa upande wa magharibi wa ziwa, katika Buganda na Buhaya, walivaa nguo za gome la mti. Na gome lilipotoboka katika kupondwa, tundu lilishonewa kiraka cha gome. Kiraka ni mzee kuliko cherehani.

Juu ya swali la mwenye mali, watu wana maoni matatu. Wa kwanza husema kuwa masazo ni ya mteja. Yeye ndiye aliyenunua kitambaa kizima kwa yadi, naye hakuliuza duara la shingo wala mwezi wa kwapa. Alimpa fundi kitambaa kwa amana ili ageuze umbo lake, hakumpa ili agawane naye. Wa pili husema kuwa masazo ni ya fundi. Hiyo ni desturi ya kazi inayojulikana na kila mtu. Mteja angetaka vipande vyake angevidai, na maadamu hakudai, ameridhia. Tena ujira wa kushona ni mdogo, na kipande ni kama nyongeza yake isiyoandikwa. Wa tatu husema kuwa masazo si ya mtu. Yameanguka chini kama majani ya mti, naye ayaokotaye kwa haja ndiye mwenye nayo, hasa akiwa maskini.

Maoni ya pili yana nguvu, na ni dhuluma kuyapuuza. Fundi wengi hukodi kibaraza, hulipa kodi ya mahali, hununua uzi na sindano, na hungoja wateja wasiolipa kwa wakati. Walakini desturi ya kulipwa kwa masazo ina ugonjwa ndani yake, na ugonjwa huo umeonekana mbali na Mwanza. Nchini Uingereza mafundi seremala wa viwanda vya meli za kivita walikuwa na haki ya desturi kuchukua vibanzi vya mbao, wavipeleke nyumbani kuwa kuni. Baadaye yakaja malalamiko kuwa mbao nzima zilipasuliwa ili zipate kuitwa vibanzi. Mwaka 1801 desturi hiyo ilikomeshwa, na badala yake mafundi wakapewa fedha. Mafundi nguo wa nchi hiyo hiyo nao walikuwa na jina la mzaha la vipande walivyojiwekea: waliviita kabichi. Jambo linapopewa jina la mzaha, aghalabu limekwisha kuona haya kuitwa kwa jina lake.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ikiwa masazo ni ya mteja, mkasi hauna sababu ya kwenda ila kwa faida ya nguo. Ikiwa masazo ni ya fundi, mkasi una mabwana wawili. Bwana mmoja husema, kata karibu ili kitambaa kitoshe. Mwingine husema, kata mbali ili kipande kipate upana. Fundi mwaminifu atamtii wa kwanza siku zote. Lakini si haki kuuweka uaminifu wa mtu katika jaribu la kila siku, tena mahali pasipo shahidi, kisha kumlaumu siku moja ulipochoka. Chovya chovya yamaliza buyu la asali. Na hakuna katika wale wachovyao aliyekusudia kulimaliza buyu.

Maoni ya tatu yana huruma, na huruma yake imetoka mbali. Torati ilimwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka, bali ayaache kwa maskini na mgeni. Kwa sheria hiyo masazo yana mwenyewe, naye ni mhitaji. Lakini yafaa kutazama ni nani aliyeamriwa kuacha. Aliyeamriwa ni mwenye shamba, na anachoacha ni chake. Vibarua wa kuvuna hawakuambiwa wajifanye wakarimu kwa masuke ya bwana wao. Ukarimu ni kutoa kilicho chako. Kutoa kilicho cha mwenzio ni jambo jingine, hata kama anayepokea ni maskini yule yule na furaha yake ni ile ile.

Kama kuna watu ambao hawana budi kulielewa jambo hili, ni watu wa nchi ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kuwa wanunuzi waliwapunja kwenye mizani. Ratili moja ilipotea hapa, mbili pale. Kwa mnunuzi hayo yalikuwa makombo. Kwa mkulima mmoja hayakutosha kwenda mahakamani. Lakini kwa wakulima wote pamoja yalikuwa mali ya kutisha. Wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito, na kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, vikakua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Chama hicho kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Mwanzo wake ulikuwa swali la makombo: kinachodondoka kati ya gunia na mizani ni cha nani? Nao ushirika haukusalimika na swali hilo. Ulipokuwa mkubwa, wanachama walianza kuuliza makombo yao yanadondokea wapi, hata mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ikachunguza mwenendo wa vyama vya ushirika nchini. Aliyepunjwa jana hapati kinga ya kutopunja kesho.

Yasemwayo mpaka hapa yaweza kuonekana kama hesabu ya mali tu. Lakini liko jambo zito zaidi, nalo ni kuwa masazo hayana thamani moja kwa watu wote. Mteja tajiri ana nguo nyingi. Gauni lake likichanika atalitoa, wala hatakikumbuka kipande cha upana wa kiganja kilichobaki kwa fundi. Mteja maskini amenunua kitambaa kimoja kwa akiba ya miezi. Nguo yake itavaliwa shambani, sokoni na msibani. Itachakaa kiwiko na goti. Na siku hiyo itahitaji kiraka. Kiraka bora ni kile cha kitambaa chenyewe, kwa kuwa kinafanana rangi na uzito, na jicho la jirani halikioni upesi. Basi kipande alichopokonywa ni miaka miwili ya uhai wa nguo yake na kiasi fulani cha heshima yake mbele za watu. Naye ndiye asiyethubutu kuuliza. Tajiri akiuliza, fundi atamwinamia na kumfungia vipande katika karatasi. Maskini akiuliza, huogopa kuonekana mchoyo au kuonekana kuwa anamdhania fundi kuwa mwizi. Desturi inayosema kwamba asiyedai ameridhia humwonea hasa yule ambaye kudai kwake ni kugumu. Kimya cha mnyonge si ridhaa. Mara nyingi ni hofu iliyovaa adabu.

Hapa mtu atauliza juu ya yule mama anayeshona foronya jioni. Je, kazi yake ina doa? Kama alipewa vipande au alivinunua kwa nia safi, hana hatia. Wala mtu asiseme kuwa kazi yake si kitu kwa kuwa mali yake ya kuanzia si kitu. Vipande hamsini vilivyotupwa havina thamani ya sahani ya ugali. Baada ya majuma mawili ya sindano ni shuka inayomfunika mtoto. Thamani hiyo imetoka mikononi mwake. Lakini kazi, pamoja na utukufu wake wote, haina uwezo wa kufuta asili ya kitu. Mshono mzuri hauigeuzi dhuluma kuwa haki, kama vile mapishi mazuri hayamgeuzi kuku wa kuiba kuwa kuku wa kununua. Kwa sababu hiyo swali la mkasi ni swali la mshonaji pia. Anastahili kujua kuwa juhudi yake imejengwa juu ya kiwanja halali.

Watu wengine huona haya kwa nguo ya viraka, na wengine huionea fahari. Yote mawili yana hatari. Nchini Sudan, katika miaka ya 1880, wafuasi wa Mahdi walivaa jibba yenye viraka kuwa alama ya kuukana utajiri wa dunia. Hapo mwanzo kiraka kilifunika tundu. Kadiri dola yao ilivyokua, kabla ya kuanguka mwaka 1898, jibba za wakubwa zilikatwa mpya na kushonewa viraka vya rangi vilivyopangwa sawasawa kulia na kushoto, pasipokuwa na tundu lolote la kufunika. Ufukara ukawa pambo la cheo. Kwa upande mwingine wako Wasidi wa Karnataka nchini India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona blanketi za vipande ziitwazo kawandi kwa nguo kuukuu za jamaa. Huanza pembeni na kuzunguka kuelekea kati, na pembe nne humalizwa kwa vipande vidogo vilivyokunjwa, ambavyo pasipo hivyo blanketi huhesabiwa kuwa bado i uchi. Hapo pana pambo, lakini pambo halikuja kudanganya mtu. Linasema wazi kuwa kitu hiki kimetoka katika vitu vilivyochakaa, na kuwa aliyekishona hakuona sababu ya kukificha.

Wala haifai kudhani kuwa kila kisalimikacho lazima kihifadhiwe. Mkulima wa pamba wa Mwanza hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya miti ya pamba baada ya mavuno, kwa kuwa wadudu hujificha humo wakingoja msimu ujao. Mwenye kuyaonea huruma masalia hayo huwafuga adui zake na adui za jirani zake. Moyo nao una masalia ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini na nguo ikawa ya kutafutwa kwa foleni, wako waliotunza kila kipande ili wazisitiri nyumba zao, na wako walioficha majora ya nguo wakingoja bei ipande. Wote waliweka, lakini mmoja aliweka ili kitu kitumike, na mwingine aliweka ili mwenzake akose. Akiba haiozi, bali nia ya mwenye akiba yaweza kuoza.

Limebaki kutafutwa jibu ambalo fundi, mteja na mshonaji wataweza kuishi nalo. Jibu hilo lipo tayari katika mwenendo wa mafundi waadilifu, wala halihitaji sheria mpya. Nguo ikiisha, fundi huikunja, huweka vipande vilivyobaki juu yake, na humwambia mwenyewe, “Mama, na haya ni masazo yako.” Mteja aweza kuyachukua, kwa kuwa ana haja nayo, na hapo ameokoa kiraka cha mwaka kesho pasipo kujidhalilisha kwa kuuliza. Au aweza kusema, “Yaache hapo, fundi, watapata watu wa kushonea.” Basi vipande vinabaki mahali pale pale vilipokuwa, chini ya meza ile ile, na vitakwenda kwa mshonaji yule yule. Kwa macho hakuna kilichobadilika.

Mtu mwenye haraka atauliza faida ya maneno hayo, ikiwa vipande havikusogea. Faida yake ni kuwa kilichochukuliwa sasa kimetolewa. Mteja alikuwa mtu anayepunguziwa mali yake bila kujua, amekuwa mtoaji. Fundi alikuwa na mkasi wenye mabwana wawili, amebaki na bwana mmoja. Kama ujira wake ni haba, atautaja kwa kinywa chake na kuupatanisha mchana, badala ya kuujaliza kimyakimya kwa upana wa kipande. Na mama anayeunga vipande jioni hashiki tena makombo ya siri za watu. Anashika zawadi za watu, nyingi na ndogo, na kuziunga kuwa kitu kimoja. Tendo halikuongeza hata uzi mmoja katika kitambaa, lakini limebadili uhusiano wa watu watatu.

Yawezekana kuwa sehemu kubwa ya haki duniani ni ya namna hii. Haihitaji mali igawanywe upya kila asubuhi. Inahitaji mwenye nayo aulizwe. Dhuluma nyingi ndogo zinaendelea si kwa sababu wanaozitenda ni waovu, bali kwa sababu swali fupi halikutamkwa kwa wakati wake, kisha ukimya ukapewa jina la desturi. Atakayejizoeza kuuliza juu ya kipande cha upana wa kiganja atakuwa na ulimi mwepesi siku atakapokabidhiwa mizani ya kijiji au hazina ya nchi. Na asiyeona haja ya kuuliza juu ya kipande, haijulikani ni kitambaa cha urefu gani kitakachomfanya aanze.